Elfu moja ya mtoto na ushuru wa alizeti: kisa cha halmashauri moja mkoani Dodoma

Kila Juni Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma na kusoma bajeti ya Serikali. Ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Kesho yake watu huulizana bia imepanda kiasi gani, mafuta je, na simu za mkononi. Fungu ninalolichambua hapa ni dogo mno kusomwa siku hiyo: shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa mwaka mzima, ambazo halmashauri hutakiwa kuzitenga kutoka mapato yake ya ndani kwa ajili ya lishe.

Halmashauri yenyewe ni ya vijijini, mkoa wa Dodoma. Jina lake nimeliacha. Kaya nitakayoieleza nimeiunganisha kutoka kaya zaidi ya moja zinazofanana, ili isitambulike. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kijiji cha Ugogoni mwaka wa mvua mbaya ataifahamu bila kuelekezwa.

Kaya

Bibi analea wajukuu watatu. Wawili wako shule ya msingi, mdogo ana miaka miwili. Mama yao anafanya kazi za ndani Dodoma mjini na hutuma hela kwa simu mwezi anaoweza. Shamba ni ekari mbili: uwele wa kula, alizeti ya kuuza. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hazizidi sana milimita 600. Msimu ule zilianza vizuri, zikakatika Februari alizeti ikiwa ndiyo kwanza inataka kuchanua. Uwele ulivumilia kidogo. Kilichoingia ghalani mwezi Juni kilikwisha kabla ya Oktoba, na kutoka Oktoba hadi mavuno mengine ni miezi minane.

Bibi ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Tuhesabu kwa viwango vya awamu ya kwanza ya mpango wa kunusuru kaya maskini, maana ndivyo vinavyoonyesha wazi mpango ulivyofikiriwa: ruzuku ya msingi 10,000 kwa mwezi, nyongeza ya kaya yenye watoto 4,000, mtoto mdogo anayepelekwa kliniki 4,000, na 2,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi. Jumla 22,000 kwa mwezi, zinazolipwa kila baada ya miezi miwili. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Kwa hiyo kaya nzima ya watu wanne ilikuwa inapewa chini ya nusu ya kile ambacho Serikali yenyewe ilikiona kuwa kiwango cha chini cha mtu mzima mmoja. Silaumu hapo. Ruzuku haikukusudiwa kubeba kaya nzima, ilikusudiwa kuisukuma, na mwaka wa mvua nzuri inasukuma kweli: ndiyo inayonunua daftari, sabuni, hata kuku wa kufuga.

Ila ruzuku ya watoto ilikuwa na sharti. Mwanafunzi ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo, mdogo apelekwe kliniki. Mwaka wa njaa mtoto wa darasa la tatu huanza kukosa shule, siku nyingine kwa kuwa hajala, siku nyingine kwa kuwa amekwenda na bibi yake kuchimba mizizi au kufanya kibarua kwenye shamba la mwenye nacho. Sharti lililowekwa ili kumvuta mtoto shuleni, mwaka kama ule, linaweza kuipunguzia kaya hela mwezi ambao inaihitaji kuliko mwezi mwingine wowote.

Shule

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, na mafanikio yake si madogo. Madarasa ya kwanza yalifurika. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 hufika shuleni. Kiwango hicho cha elfu kumi kilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa shule ya wanafunzi 600 ni milioni 3.6 kwa mwaka, au 300,000 kwa mwezi, na ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Chakula hakimo. Waraka ulio wazi unasema chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, sawa na sare na madaftari.

Zamani kidogo, kuanzia mwaka 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likipeleka uji na chakula cha mchana kwenye shule za wilaya kame, za Dodoma na Singida zikiwamo. Mpango ule ulipokoma, sufuria zilibaki na wazazi wakaambiwa wachangie. Wanachangia: debe la mahindi, maharage kidogo, hela ya mpishi. Kamati ya shule huitisha kikao baada ya mavuno na mwaka mzuri uji unapikwa. Mwaka mbaya michango haiji, sufuria haziwashwi. Bibi hakuchangia mwaka ule. Hakuna aliyewafukuza wajukuu wake, lakini kulikuwa hakuna cha kula shuleni wala nyumbani, na kutoka nyumbani hadi shuleni ni mwendo.

Nimepita haraka kwenye shule kwa sababu mfumo wake ni ule ule wa jambo kubwa ninalotaka kulionyesha, na kwenye lishe unaonekana vizuri zaidi.

Ile elfu moja

Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, utekelezaji ukaanza 2018. Mkataba mwingine ulisainiwa Dodoma Septemba 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ndani ya utaratibu huo halmashauri zinatakiwa kutenga, na kutoa, shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Hela hiyo si ya kununulia watoto chakula. Sokoni Majengo ingekupa mayai mawili, labda matatu. Ni ya huduma: mafuta ya gari na pikipiki, posho ya siku ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, siku ya afya na lishe ya kijiji inayotakiwa kufanyika kila robo mwaka, ugawaji wa matone ya vitamini A na dawa za minyoo mwezi Juni na Desemba, upimaji wa watoto, mafunzo.

Lilikuwa agizo zuri, na matunda yapo. Udumavu kitaifa ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Kabla ya mkataba, halmashauri nyingi zilikuwa na afisa lishe asiye na bajeti yoyote. Tatizo liko kwenye neno ambalo kwenye agizo linapita kirahisi: mapato ya ndani.

Mapato ya ndani ya halmashauri ya vijijini Dodoma yanatoka wapi? Ushuru wa mazao kwanza, hasa alizeti, ufuta na karanga. Halafu ushuru wa minada ya ng'ombe na mbuzi. Leseni, vibanda, mchanga na kokoto. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na vijijini haikuwa kubwa hata hivyo. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Mkulima alinufaika, bibi yetu akiwamo. Magunia yake mawili ya alizeti hayakatwi kitu kwenye kizuizi. Upande wa pili, kikapu cha halmashauri kilipungua, na kilichobaki ndani yake kinategemea mvua zaidi.

Sasa weka kalenda mezani. Makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huandaliwa kati ya Novemba na Machi. Mwongozo wa bajeti unakuja, wataalamu wanaingiza takwimu kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, Kamati ya Fedha inapitia, Baraza la Madiwani linapitisha. Wakati huo alizeti iko magotini shambani. Hakuna anayejua itavunwa ngapi, kwa hiyo mweka hazina huchukua kiasi cha mwaka uliopita na kuongeza kidogo, kwa kuwa maelekezo siku zote ni kuongeza. Kwa halmashauri hii mvua ilikatika Februari, makisio yakiwa tayari yamekwishapangwa. Yalipitishwa vile vile. Sielewi kwa nini hakuna hata diwani mmoja aliyesimama kusema kwamba kwake shamba limekauka, maana wote ni wakulima.

Julai ikafika. Mashine za POS kwenye vizuizi vya ushuru zikatoa risiti chache. Minada ikachangamka kwa muda, wafugaji wakiuza mifugo kabla haijakonda zaidi, na kwa kuwa ushuru hutozwa kwa kichwa cha ng'ombe bila kujali bei aliyouzwa, upande huo ulipanda kidogo. Haukuziba pengo.

Katika kikapu kilichopungua foleni ina mpangilio wake. Asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imo kwenye sheria, tangu marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Asilimia 40 inatakiwa kwenda kwenye maendeleo, na vyumba vya madarasa vina mkuu wa wilaya anayevifuatilia kila wiki. Vikao vya madiwani lazima vifanyike, na vikao vina posho. Umeme usikatwe. Lishe ina mkataba na ina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, lakini haina sheria inayosema ilipwe kabla ya nini. Kwa hiyo dokezo la afisa lishe la kuomba fedha za robo ya Oktoba hadi Desemba lilikaa. Hakuna aliyelikataa, lilisubiri makusanyo.

Na hapa kuna kitu kinachonikera zaidi ya vingine. Afisa lishe yule mshahara wake unatoka Hazina na unaingia kila mwezi bila kukosa. Alikuwapo, ana elimu, ana mzani, ana utepe wa kupimia mkono. Alichokosa ni lita za petroli. Serikali Kuu inalipa sehemu ghali ya huduma, halmashauri inashindwa sehemu ya bei rahisi, na matokeo kwa mtoto ni sawa na kutokuwa na huduma kabisa.

Mjukuu mdogo

Siku ya lishe ya kijiji robo ile haikufanyika. Mhudumu wa afya wa kijiji, anayeishi jirani, alimpima mtoto kwa hiari yake Novemba. Utepe ulisoma sentimita 11.9, rangi ya njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu na mtoto huingizwa kwenye matibabu ya utapiamlo mkali kwa chakula dawa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, na kwa zahanati nyingi za vijijini alichokuwa anapata mtoto wa njano ni ushauri: mpe mlo mchanganyiko, mara nne au tano kwa siku, mayai, maziwa, karanga, mboga. Bibi alisikiliza kwa adabu. Nyumbani kulikuwa na mlenda na unga wa siku mbili.

Mahindi ya bei nafuu ya NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, yalikuwa yamefika makao makuu ya wilaya. Nafuu, lakini ya kununua.

Februari mtoto akavimba miguu. Akapelekwa kituo cha afya kwa bodaboda, halafu hospitali. Kwa sera, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi matibabu, na hakutozwa. Nauli alilipa bibi, kwa mbuzi aliyeuzwa bei ya njaa. Mtoto alilazwa, akapewa maziwa maalumu ya tiba, akapona. Dada yake wa darasa la tatu alikosa shule muda wote huo kwa kuwa mtu wa kubaki na nyumba ni yeye.

Gharama ya kitanda, dawa na muuguzi imo kwenye bajeti ya afya, fungu jingine, mlipaji mwingine. Hakuna hesabu inayokutana na ile ya petroli ambayo haikutoka Novemba. Aliyeokoa petroli haoni alichomgharimu mwenzake.

Kadi ikawa kijani

Mvua za msimu uliofuata zilikuwa nzuri. Mei na Juni alizeti ikatoka, vizuizi vikakusanya, na halmashauri ikakumbuka deni lake la lishe kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na utekelezaji wa mkataba hupimwa. Fedha zikatolewa karibu zote kwa mkupuo. Ndani ya wiki chache zilinunua mizani, zikalipia ugawaji wa vitamini A wa Juni, na kiasi kikubwa kikaenda kwenye mafunzo ya kamati za lishe kwenye ukumbi. Kwenye kadi alama ya lishe, jedwali la rangi linaloonyesha mkataba umetekelezwa kiasi gani, kigezo cha fedha zilizotolewa kwa mtoto kilisoma kijani.

Hakuna aliyeiba. Nasisitiza hilo kwa sababu Watanzania tukisikia fedha ya mtoto haikufika tunatafuta mwizi, na mwizi asipopatikana tunaona hakuna tatizo. Fedha ilitengwa, ilitolewa, ilitumika, ina risiti. Ilitumika mwezi ambao kila nyumba ina uwele mpya, miezi saba baada ya utepe kusoma njano.

Ndipo napofikia hoja yangu. Fedha ya lishe Dodoma imefungwa kwenye chanzo kile kile ambacho ukame hukigusa kwanza. Mvua ikikatika, shamba la bibi na kikapu cha halmashauri hukauka pamoja, na kinga ya mtoto hupotea siku ileile anapoihitaji. Mvua ikirudi, vyote vinarudi pamoja, na kipimo cha mwaka mzima hakioni kilichotokea katikati.

Wazee wa Ugogo wana jina la njaa kubwa ya 1917 hadi 1920: Mtunya. Mvua zilikosekana, kweli, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Sifananishi halmashauri na majeshi yale. Nakumbusha tu kwamba huku ukame tumeuzoea, na kila mara kinachoamua nani atakufa au kudumaa ni kilichokuwa kimebaki ghalani, na nani alikuwa na mamlaka juu ya ghala.

Kipi kingebadilika

Mzigo wenyewe haugawanywi sawa. Tuchukue mfano wa hesabu tu: halmashauri yenye watoto 40,000 wa umri huo na makusanyo ya bilioni 2 inatakiwa kutoa milioni 40, yaani asilimia 2 ya mapato yake. Jiji lenye watoto 150,000 na makusanyo ya bilioni 50 linatoa milioni 150, asilimia 0.3. Elfu moja ni ileile, uzito si uleule. Mfuko wa Pamoja wa Afya tayari hugawa fedha kwa kanuni inayoangalia idadi ya watu pamoja na vigezo kama umaskini na vifo vya watoto. Hakuna sababu ya kitaalamu inayozuia sehemu ya fedha ya lishe kupita njia hiyo kwa halmashauri kame, mapato ya ndani yakabaki kuwa nyongeza. Kwamba wafadhili watajaza pengo lilikuwa jibu la wengi, hadi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake na miradi ya afya na lishe ikaanza kufunga ofisi. Jibu hilo silipokei tena.

Lakini hata kabla Hazina haijabadili kitu, halmashauri ina nafasi. Ushuru mwingi wa alizeti huingia kati ya Mei na Septemba. Baraza linaweza kuazimia kwamba fedha yote ya lishe ikatwe kwenye makusanyo ya Julai hadi Septemba, kabla ya kitu kingine kisichokuwa cha kisheria, na itumike Oktoba hadi Machi. Mwaka wa mavuno mabaya itakuwa pungufu, lakini pungufu iliyofika Novemba ina faida kuliko kamili iliyofika Juni. Azimio kama hilo halihitaji kibali cha Bunge. Linahitaji mweka hazina akubali kubanwa mikono mapema, na wengi hawapendi, kwa sababu miezi hiyo ndiyo wanayolipa madeni ya mwaka uliopita.

Kadi alama nayo isomwe kwa robo, si kwa mwaka. Kijani cha Juni kisifute nyekundu ya Desemba.

Kwa mwananchi, mlango ni vikao vya Baraza la Madiwani vya kila robo mwaka, ambavyo ni vya wazi. Taarifa ya mapato na matumizi huwa na safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Tumezoea kuuliza ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayotangazwa. Katika halmashauri hii safu ya kwanza ilikuwa sahihi mwaka mzima. Kwenye kikao cha robo ya pili, kile kinachofanyika mwanzoni mwa mwaka mpya, kasma ya lishe kwenye safu ya pili ilikuwa na sifuri. Ukurasa ule ulikuwa mezani kwa kila diwani, na ajenda iliyozua mjadala mrefu siku hiyo ilikuwa ya ununuzi wa gari.